Sura ya 7: Maji Yamekwama Wapi?

Simu za mashine ya kuoshea vyombo hunijia zaidi siku ya pili ya sikukuu. Siku ya kwanza watu wamekula, wageni wamekuja na kuondoka, vyombo vimerundikana, mashine imejazwa mara tatu au nne mfululizo, na mara ya mwisho ikagoma. Asubuhi mwenye nyumba anafungua mlango, anakuta maji ya rangi ya mchuzi yametuama chini, mafuta yameelea juu yake, na harufu imeshaanza. "Fundi, mashine imekufa," ndivyo wanavyoniambia. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii hapa Dar es Salaam, mashine nyingi nilizoitiwa kama maiti hazikuwa zimekufa. Maji yalikuwa yamekwama mahali.

Sisemi hivi kwa kuwafariji watu. Nimeona mashine nzima ikitupwa kwa sababu ya mwiba wa samaki. Nimeona mama akitozwa bei ya pampu mpya na ile ya zamani ilikuwa nzima, imezibwa tu na kipande cha glasi kisichozidi ukucha. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mashine hizi kwetu hazipatikani kirahisi. Wengine wameletewa na ndugu aliyeko Dubai au Muscat, wengine wamejinyima mpaka wakainunua. Kwa hiyo katika sura hii tutafanya kazi moja: tutayafuata maji tangu yanapoingia mpaka yanapotoka, tujue yamezuiwa wapi, ndipo tuseme kimeharibika nini.

Maana mashine hii, ukiivua bati na urembo wake, ni njia ya maji. Maji huingia, hukusanyika chini, hupashwa moto, hurushwa juu kwenye vyombo, hurudi chini yakipita kwenye chujio, yakarushwa tena na tena, kisha yakasukumwa nje na mengine yakaingia. Ni maji kidogo kuliko watu wanavyodhani: lita tatu au nne hivi kwa kila awamu, na mashine nyingi za siku hizi humaliza kazi nzima kwa lita 10 hadi 15. Wazo lenyewe ni la zamani. Josephine Cochrane, mama wa Shelbyville, Illinois, Marekani, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1886, akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Alichokigundua ni kwamba huhitaji brashi wala kitambaa: vyombo vikipangwa vikatulia, maji ya moto yenye sabuni yakirushwa kwa nguvu yanatosha. Neno la kushika hapo ni nguvu. Maji yakikosa wingi, moto au nguvu, vyombo vitatoka vichafu hata kama hakuna kifaa kimoja kilichovunjika.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu umeme bado unafika ndani. Soketi mara nyingi iko nyuma ya kabati au chini ya sinki. Usipoifikia, shusha saketi breka yake. Funga na koki ya maji. Kisha vaa glavu ngumu, zile za mpira mzito, kwa sababu vipande vya glasi hujificha palepale utakapoingiza vidole, na ndani ya maji machafu huvioni.

Nianze na maji yasiyotoka, maana hilo ndilo lalamiko namba moja. Yachote kwa kikombe, malizia kwa sponji. Toa kikapu cha chini. Katikati ya sakafu ya mashine utaona kitu cha duara kama kikombe chenye matundu. Kizungushe kinyume cha mshale wa saa, kivute juu. Hilo ndilo chujio. Chini yake kuna bamba la chuma lenye vitundu vidogo, nalo hutoka.

Nyumba moja ya Mbezi nililikung'uta chujio lao juu ya gazeti ili mwenye nyumba aone. Zilitoka punje za mchele wa pilau zilizovimba, iliki mbili, kijiti cha mdalasini, mbegu za ndimu, lebo ya chupa ya jemu iliyogeuka uji, na ute wa kijivu uliovishika vyote kama gundi. Ute ule ndio mbaya kuliko vyote. Ni wanga wa ugali na wali uliochanganyika na mafuta, na hauonekani mpaka ulishike chujio mkononi, ulielekeze dirishani, uone mwanga haupiti. Mwenye nyumba alikuwa na mashine ile mwaka wa tatu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chujio hutoka.

Lisafishe kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Usitumie chuma cha kusugulia masufuria, kitatanua vitundu. Ukitumia sabuni ya maji, lisuuze mpaka povu liishe kabisa. Sababu yake tutaiona mbele. Na ukilirudisha, lizungushe mpaka likaze. Chujio lililolegea ni baya kuliko chujio chafu, kwa sababu taka hupita pembeni na kuingia moja kwa moja kwenye pampu.

Ukishalitoa, mulika tochi ndani ya shimo lake. Mashine nyingi zina kifuniko kidogo cha plastiki humo, kingine kimeshikwa na skrubu moja, kingine hubanduliwa kwa ncha ya kijiko. Nyuma yake ndiko iliko pampu ya kutolea maji. Impela yake, yaani kile kijipangaboi cha plastiki, izungushe taratibu kwa kijiti. Ikiwa nzima itazunguka kwa kurukaruka, inakamata na kuachia, kamata na kuachia. Wengi huogopa hapo wakadhani imeharibika. Ni sumaku iliyo ndani yake inayofanya hivyo. Ubovu ni ikigoma kabisa, au ikizunguka kilaini bila kushika popote. Ikigoma, tafuta kilichoikaba: kipande cha glasi, mwiba, kijiti cha meno, kamba ya mfuko wa majani ya chai. Pampu iliyokabwa ina sauti yake: inavuma chini kwa chini, mmm, bila maji kwenda.

Pampu ikiwa huru na maji bado hayatoki, fuata mpira wa kutolea. Umejikunja nyuma ya mashine? Umebanwa na kabati? Ufungue upande wa sinki, uweke mdomo wake kwenye ndoo, mwaga maji kidogo ndani ya mashine, chomeka plagi, washa programu ya kutoa maji. Yakitoka kwa kishindo kwenye ndoo, mashine yako ni nzima na tatizo liko kwenye bomba la nyumba. Kama sinki ni jipya, angalia jambo moja ambalo limewasumbua watu wengi: kile kichwa cha plastiki kwenye bomba la sinki ambapo mpira huunganishwa mara nyingi hutoka kiwandani kikiwa kimezibwa kwa ndani. Fundi bomba anatakiwa akikate. Asipokikata, mashine mpya haitatoa maji tangu siku ya kwanza, na lawama itamwangukia aliyeiuza.

Mpira huo pia una njia yake. Upande kwanza mpaka karibu na uso wa chini wa meza ya sinki, ufungwe hapo, ndipo ushuke. Ukilazwa chini mpaka kwenye bomba, maji ya sinki yatarudi kwenye mashine, au maji ya mashine yatajivuta yenyewe kwenda nje wakati bado yanaingia. Mashine itajaza, itajaza, haitajaa, na mwisho itaandika kwenye kioo chake kwamba hakuna maji.

Hapo tumefika kwenye upande wa pili wa njia: maji yasiyoingia. Huku kwetu sababu kubwa imesimama nje ya nyumba, juu ya mnara wa matofali. Ni simtanki. Maji hayasukumwi na ukubwa wa tangi. Husukumwa na kimo chake. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya koki ya mashine linatoa baa 0.3 tu, uwe na lita 1,000 au 5,000 ndani yake. Mashine nyingi zimetengenezwa zikitarajia angalau baa 0.3 hadi 0.5, nyingine zaidi ya hapo. Kwa hiyo nyumba hiyo imekaa mpakani: tangi likijaa mashine inafanya kazi, likifika nusu inagoma, na familia inaapa kwamba mashine ina mashetani. Dawa ni kuinua tangi, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo.

Kupima ni rahisi. Fungua mpira wa kuingizia maji pale kwenye mashine, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, fungua koki, tazama saa. Mimi nataka ndoo ijae kwa dakika moja hivi. Ikichukua dakika nne, usiisumbue mashine. Ukiwa hapo, angalia pia mdomo ambamo mpira huo huingia: kuna kichujio kidogo cha waya, kama kofia ya kidole. Kivute taratibu kwa koleo. Kwenye nyumba za tangi nimekikuta kimejaa mchanga na kutu kiasi kwamba tone halipenyi. Kisuuze, kirudishe, usikitupe hata kama mtu atakwambia maji yataenda vizuri bila hicho. Mchanga ukifika kwenye valvu, valvu haitafunga tena sawasawa, na siku moja utaamkia jiko limefurika.

Mafuriko yananikumbusha nyumba moja ya Mikocheni. Nilikuta povu limetoka chini ya mlango, limetambaa mpaka sebuleni. Mashine yenyewe ilikuwa inatoa maji bila kukoma, mvumo mmoja tu, haikubali kujaza wala kuosha. Dada wa kazi alikuwa amesimama pembeni na dekio mkononi, macho mekundu.

"Dada, uliweka sabuni gani?"

"Ile ya unga iliisha, fundi. Nikaweka hii ya maji, ya kuoshea kwa mkono. Nimekosea?"

Nilimjibu kwamba hakukosea, hakufundishwa, na nilimwambia hivyo mbele ya wenye nyumba kwa makusudi. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kwenye droo ya chumbani, kwa Kiingereza na Kijerumani, na yeye ndiye anayeitumia mashine kila siku. Sabuni ya mkono imetengenezwa itoe povu. Sabuni ya mashine imetengenezwa isitoe. Pampu ikivuta povu badala ya maji haina cha kurusha, na povu hupenya kwenye mpira wa mlango, likateremka mpaka kwenye sinia lililo chini ya tumbo la mashine. Humo kuna boya dogo. Maji yakikusanyika boya huinuka, hubonyeza swichi, na mashine huamini kwamba inavuja: inafunga maji ya kuingia na kuanza kutoa tu. Inailinda nyumba yako.

Tulichofanya ni hiki. Tulichomoa plagi, tukafunga koki, tukafungua mlango povu litulie, tukalichota. Tulimwaga maji baridi lita mbili tatu, tukatoa, tukarudia mpaka yakatoka meupe. Kisha, plagi ikiwa imechomolewa tena, watu wawili tuliivuta mashine, tukaiinamisha mbele taratibu, maji ya kwenye sinia yakamwagika, boya likashuka. Ikawaka. Kama boya lingeinuka tena wiki iliyofuata bila povu, hapo tungetafuta uvujaji wa kweli: mpira wa mlango, klampu za mabomba, chombo cha chumvi. Dada yule nilimwandikia kwenye kadi mambo matano kwa Kiswahili, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Ushauri wangu kwa kila mwenye mashine ni huo huo: mfundishe anayeitumia, na umfundishe kwa upole.

Sasa tuseme maji yanaingia na yanatoka, lakini vyombo vinatoka vichafu. Yatazame yanaporushwa. Ile mikono ya plastiki inayozunguka, wa chini na wa juu, itoe. Mwingine huvutwa juu tu, mwingine una nati ya kufunguliwa kwa mkono. Utikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani kama njuga, ni mbegu au punje iliyopenya, na inaziba tundu moja leo, jingine kesho. Ndiyo maana upande mmoja wa kikapu hutoka safi na mwingine mchafu. Zibua kila tundu kwa kijiti cha meno, pitisha maji ya bomba ndani ya mkono wote. Baada ya kupanga vyombo, kabla ya kufunga mlango, zungusha mikono yote miwili kwa kidole. Mpini wa sufuria ukiizuia, hakuna kitakachooshwa. Bakuli zielekee chini, sahani ziachiane nafasi, makombo yakwanguliwe kwenye pipa kwanza. Huna haja ya kuviosha vyombo kabla ya kuviosha.

Masufuria yetu ya alumini yakitoka meusi, si ubovu wa mashine. Sabuni ya mashine ni kali, na alumini ikikutana nayo kwenye joto hufifia na kuwa nyeusi. Mwiko na ubao wa kukatia hupasuka. Hivi vioshe kwa mkono.

Moto ni jambo la kupimwa. Dakika 20 au 30 baada ya kuosha kuanza, simamisha mashine, subiri kidogo, fungua mlango polepole uso ukiwa mbali. Mvuke ukikupiga, hita inafanya kazi. Ukiona vyombo vya uvuguvugu, mafuta yamenata kwenye plastiki na kidonge cha sabuni kimebaki nusu, shuku moto. Lakini kabla ya kuilaumu hita, ulizia umeme. Hita ya wati 2,000 imehesabiwa kwa volti 230. Volti zikishuka mpaka 180, kama inavyotokea jioni kwenye mitaa mingi, hita hiyohiyo hutoa wati 1,200 na ushee. Programu ya saa mbili inakwenda tatu. Fundi mwenye mita anaweza kuipima hita yenyewe umeme ukiwa umekatwa: ya wati 2,000 inapaswa kusoma karibu omu 26. Isiposoma kitu, imekatika. Na kama mashine ililetwa kutoka Marekani, soma kibati chake kabla ya kuichomeka. Kule ni volti 120, na mashine zao huunganishwa na bomba la maji ya moto. Ukiichomeka kwenye soketi yetu itaungua siku hiyohiyo.

Mwisho ni weupe kwenye glasi. Chukua ndimu au siki, sugua sehemu moja. Weupe ukitoka, ni chokaa ya maji magumu, na mashine yako inaomba chumvi. Ndani yake kuna chembechembe zinazonasa kalisi na magnesi ya maji, na chumvi ndiyo huzisafisha chembechembe hizo ziweze kunasa tena. Weka chumvi maalumu ya mashine, iliyo safi na ya chenga. Chumvi ya mezani ina madini joto na vitu vya kuifanya isigande, na ni laini mno. Chumvi ya mawe ina uchafu uleule tunaoukimbia. Iweke dakika ile unapotaka kuwasha, ili iliyomwagika isuuzwe na isile chuma. Weupe usipotoka kwa ndimu, glasi yenyewe imelika, na haitarudi. Punguza sabuni na joto kwa zilizobaki.

Wakazi wa pwani mnaotumia visima, mna shida nyingine. Maji yakiwa ya chumvi mdomoni, chembechembe zile haziondoi chumvi hiyo. Itabaki kama ukungu kwenye sahani, na taratibu itatoboa chuma kwa vidoa vya kutu. Kwa nyumba kama hizo nashauri mashine iunganishwe na tangi la maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni tangi dogo la kwake peke yake.

Siki au unga wa asidi ya ndimu husafisha chokaa ndani ya mashine tupu, mara moja baada ya miezi michache. Usichanganye kamwe na jiki. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na jiko lililofungwa madirisha si mahali pa kujaribu.

Kuna dalili ambazo ukiziona unaacha na kumwita fundi: harufu ya kuungua, breka inayoanguka kila mashine ikiwaka, bati linalokupa shoti hata kidogo. Mwambie ilichokiandika mashine kwenye kioo, herufi na namba, kwa sababu kila kampuni ina zake. Akibadilisha kifaa, mwombe akuachie kile cha zamani.

Ukimaliza, rudisha kila kitu, fungua koki, chomeka plagi, washa programu fupi mashine ikiwa tupu, kisha vuta kigoda ukae karibu nayo. Kwanza utasikia mluzi mwembamba wa maji yakiingia, dakika moja au mbili. Kisha kimya. Kisha mchapo wa maji ukutani, wenye mdundo, sha-sha-sha, mkono unavyozunguka. Baadaye sana, mvumo wa pampu na maji yakishuka kwenye bomba la sinki, mpaka pampu ianze kukoroma kwa kuvuta hewa. Hapo fungua, umulike chini. Maji kidogo yaliyobaki ndani ya shimo la chujio, safi, yasiyo na harufu, yaache. Yanatakiwa yawepo.